Shukrani kwa kaka wa Msamvu

Kaka uliyenikuta pale Msamvu, Morogoro, ufunguo wa gari umegoma kuzunguka: jina sikukuuliza, lakini asante sana.

Waliokutangulia walishanitajia bei ya kubadilisha kitasa kizima. Wewe uliuliza tu kama usukani unacheza. Haukucheza. Ukanikataza kuulazimisha ufunguo usije ukakatikia ndani, ukawa unausukuma usukani taratibu kulia na kushoto huku mkono mwingine ukizungusha ufunguo. Tairi lilikuwa limeegemea ukingo wa barabara, na pini inayofunga usukani ikabanwa. Ikaachia.

Halafu stata (mota ya kuwashia injini) ikawa kimya, na taa za dashibodi zinawaka! Hapo ndipo nilipouona ufundi wako. Ulipiga honi na kuwasha taa kubwa kupima betri, ukatoa gia P (ya kuegesha) ukaweka N (huru), bado kimya. Ukauchezesha ufunguo kidogo, gari likawaka. Ukasema kitasa ni kizima, kilichochoka ni swichi ya umeme iliyo nyuma yake, nayo huuzwa peke yake. Fundi wangu wa Dar alipofungua alikuta vishikizo vya shaba vimeungua, kama ulivyosema. Ufunguo ni ule ule wa zamani.

Na ule ushauri wa kusugua penseli kwenye meno ya ufunguo badala ya kumwagia oili inayokamata vumbi, nimeshawafundisha hadi majirani (mmoja bado anabisha).

Hela uliikataa, ukachukua soda tu. Mungu akuzidishie, kaka.