Papa mwenye sharubu

Ngamiani, Tanga

Mwanangu,

Ujumbe wako nimesomewa na mdogo wako, picha nikaziangalia mwenyewe kwa miwani. Sisi hatujambo, goti tu ndilo hunijulisha mvua kabla ya redio. Umeniuliza mambo mawili ya mchezo wa Kima na Papa mnaouandaa na wanafunzi wako: boksi linalopinda, na kama utafute fundi wa hapo Kondoa awachoreeni upya bahari na mkuyu kabla ya mahafali. Nianze na boksi, maana hilo ndilo jepesi.

Boksi limepinda kwa sababu mmelipaka upande mmoja. Mbele pamelowa na kukauka, nyuma hapajaguswa, basi lazima lijikunje. Lipakeni na nyuma, hata kwa masalia ya rangi yaliyochanganyika, kisha lilazeni sakafuni na matofali kwenye pembe mpaka likauke. Na kabla hamjakata, tazameni ile mifereji ya ndani ya boksi. Ikisimama wima, boksi litasimama. Ikilala, litavunjika kiunoni. Nyuma yake pigeni fremu ya mbao za mbili kwa moja, muweke mguu wa pembetatu, na juu ya mguu kiroba cha mchanga. Usikipuuze kiroba, mama. Watoto thelathini wakipita mbio, upepo wao peke yake unaangusha ukuta.

Rangi iwe ya maji. Ya mafuta inang'aa, taa zikiwaka aliyekaa nyuma haoni mti, anaona mng'ao. Kwa kubandika magazeti uji wa ngano mzito unatosha, ila msiviache vitu sakafuni usiku. Mwaka ule sisi tulikuta asubuhi panya wamemla Papa mkia. Gamba la mkuyu ni gunia la katani: lichovye kwenye uji huohuo, lipigilie likiwa bichi, ulifinye mikunjo kwa vidole. Huhitaji kuchora gamba, mikunjo yenyewe itatoa kivuli. Na kila mkimaliza kipande, nenda ukakitazame ukiwa mstari wa mwisho kabisa. Usichokiona kutoka huko msihangaike nacho.

Sasa la fundi.

Ulikuwa darasa la nne, 1998, mchezo ulikuwa huuhuu wa Kima na Papa. Mwalimu wenu aliniomba nisaidie kidogo tu. Mimi nikaufunga mlango wa karakana wiki nzima nikatengeneza mkuyu wa plaiwudi, upana futi nane na urefu vivyo hivyo, na matawi kama inavyosema hadithi: nusu yamelalia mji, nusu yametanda juu ya bahari ili Kima amdondoshee rafiki yake matunda. Nikauparua, nikaupiga msasa, nikaupaka mara tatu. Tulipoufikisha shuleni kwa mkokoteni, mlango wa ukumbi ulikuwa mwembamba na mfupi, hata kwa ubavu haukupita. Dirishani kulikuwa na nondo. Nikaukata mti wangu katikati kwa msumeno mbele ya watoto wote, nusu ya mji huku, nusu ya bahari kule, na ufa ule ulionekana mchezo mzima. Wazazi wengine walidhani ndivyo nilivyokusudia. Sikuwakatalia.

Ya bahari unaikumbuka, wewe ndiye uliyekuwa ukiitikisa. Mama yako alitoa khanga zake za buluu, tukazishona pamoja, watoto wawili huku na wawili huku. Papa tulimpigilia ubavuni mwa toroli, Kima amekaa ndani, khanga zinaficha gurudumu. Ilipendeza, mpaka mawimbi yalipoinuka na kina mama wa nyuma wakaanza kuisoma bahari kwa sauti, jina moja baada ya jingine. Tumieni kaniki au shuka lolote lisilo na maneno.

Lakini lipo ambalo hatujawahi kulizungumza. Nyuma ya khanga palikuwa na ubao wa bahari, futi nane kwa nne, na huo mliachiwa watoto mchore. Wewe ulichora samaki watatu wa rangi ya waridi, wana kope ndefu, mmoja amevaa hereni. Nilikuona ulivyokuwa umetoa ulimi pembeni, unazivuta zile kope moja moja. Usiku wa kuamkia mchezo nikarudi na taa ya chemli, nikiambia nafsi yangu kwamba nakwenda kukaza misumari. Nikawafunika samaki wako kwa buluu. Juu yao nikachora samaki wa kweli, changu na kolekole, mapezi yote mahali pake. Asubuhi uliingia ukautazama ubao, ukaitazama brashi yangu iliyokuwa bado mbichi, ukasema, "Shikamoo baba." Basi. Nikaitika marahaba. Tangu siku hiyo hukuwahi tena kuja karakana kuniomba rangi.

Kutoka mstari wa mwisho changu wangu hakuonekana. Nilikwenda kuhakikisha.

Kwa hiyo nimemtazama huyo papa wa watoto wako, mwenye sharubu kama kambale. Nimecheka, tena sana. Huku pwani sijawahi kuona papa wa namna hiyo. Lakini samaki wanayemjua wao ni kambale, na wamemchora mkubwa kuliko mtumbwi, anatisha kweli, na sharubu zake zinaonekana hata kwenye kioo cha simu kilichopasuka. Fundi akija, cha kwanza atakachofuta ni hizo sharubu. Najua, mimi ni fundi.

Brashi nane nimezitia kwenye kopo la maziwa na kumkabidhi kondakta wa basi la Dodoma, utapigiwa simu. Nne ni za katani, nzuri kwa kupaka eneo pana. Pamoja nazo kuna kikopo kidogo cha rangi ya waridi. Hicho si cha mkuyu.

Mama yako anakusalimu, anauliza kama nguo za baridi zinatosha.

Halafu nipimie mlango wa ukumbi wenu, upana na urefu, uniandikie kabla hamjapiga msumari wa kwanza.

Baba yako