Barua kwa mwanangu: Juu ya wastani, viatu mkononi

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako nimeupata, nikausoma nimesimama dukani huku mteja ananyoosha mkono apewe chenji. Kumbe bweni zima mnatengeneza daftari moja la michoro, kila mmoja na ukurasa wake, na kila ukurasa uchekeshe kwa hali ya hewa na majanga ya kwao. Wa Dodoma anachora vumbi, wa Makete anachora baridi, wa Bukoba anachora mvua isiyokwenda likizo, na wewe umeachiwa Dar es Salaam pamoja na pwani yake yote. Unaniuliza uanzie wapi. Nimefurahi sana kuulizwa. Nakujibu kwa barua kwa sababu kwenye simu ningesema nusu, nusu nyingine ikanijia usiku.

Anzia kwenye kanga. Umekulia juu ya marobota yake, unaijua kuliko wenzako wote hapo bwenini. Ukurasa wako mzima uwe kanga moja: pindo pande zote nne, mji, yaani ile sehemu ya katikati, na jina, yaani maneno yake, chini. Msomaji yeyote wa kwetu akiufungua atajua mara moja ni wa pwani, kabla hujachora hata tone la mvua.

Pindo ulipange kwa rangi za Mamlaka ya Hali ya Hewa. Wao wakitoa taarifa ya hatari huanza na angalizo la rangi ya njano, kisha tahadhari ya chungwa, kisha tahadhari kubwa ya nyekundu. Chora pembetatu za rangi hizo zikizunguka ukurasa, na ndani ya kila moja mweke mama mmoja, yule yule. Kwenye njano anakaanga mihogo, mgongo ameupa bahari. Kwenye chungwa bado anakaanga, ila sasa ameinua jicho moja. Kwenye nyekundu televisheni iko kichwani, mtoto mgongoni, na sufuria ya mihogo haijaachwa. Anayetazama ukurasa atalazimika kulizungusha daftari ili amfuate, na huko kuzungusha peke yake kutamchekesha.

Jina nimeshakutungia. Unakumbuka utabiri wa masika unavyosomwa redioni: "mvua zinatarajiwa kuwa za wastani hadi juu ya wastani." Basi liandike kwa herufi kubwa nyeusi, kama yanavyoandikwa majina ya kanga: JUU YA WASTANI, VIATU MKONONI. Mtu wa Magomeni hahitaji maelezo zaidi ya hapo.

Sasa mji. Juu kabisa uwaweke Kaskazi na Kusi, maana wao ndio wenye pwani. Wachore kama wapangaji wawili wa chumba kimoja wanaopokezana ufunguo. Kaskazi anaingia karibu na Desemba, amevaa kanzu, ana tende na mazulia, majahazi ya Arabuni na ya Ghuba yanamfuata nyuma. Anakaa mpaka Machi hivi. Kusi anapokea kuanzia Aprili au Mei, anakuja na mawimbi na ubaridi wa kipupwe, na zamani ndiye aliyeyarudisha majahazi kwao yakiwa na boriti za mikoko na karafuu. Katikati yao kuna maleleji, pepo hazina zamu, tanga limelala, na nahodha anajipepea kwa kofia. Mhoji na babu yako mdogo wa Kunduchi ukipata nafasi. Wavuvi wana maneno ya bahari ambayo mimi wa dukani sinayo.

Chini yao ndipo vimbunga. Hapa nataka ukae muda mrefu.

Kwetu kimbunga ni mgeni wa nadra, na sababu yake inafaa kuchorwa. Kimbunga kinahitaji nguvu ya mzunguko wa dunia ili kianze kujisokota, na nguvu hiyo hufifia kadiri unavyoikaribia ikweta. Tanga ipo kwenye nyuzi 5 tu kusini mwa ikweta, Dar es Salaam karibu 7, Mtwara kidogo zaidi ya 10. Tena Madagaska imelala mbele yetu, vimbunga vingi vinajigonga huko kwanza. Mchore Madagaska ni dada mkubwa wa nyumba aliyesimama mlangoni na mwiko.

Nadra si kamwe. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja enzi za Sultan Barghash, kikazamisha meli zake na kuiangusha mikarafuu ya kisiwa. Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa, na tangu hapo Pemba ndiyo bingwa wa karafuu. Mpe mkarafuu wa Pemba taji kichwani na uso wa mtu asiyeamini bahati yake. Aprili nyingine, mwaka 1952, kimbunga kikaingia Lindi. Bibi yako mzaa baba alikuwa mtoto huko, na mpaka leo Aprili ikifika hukagua kuti moja moja la banda la kuku. Mchore akifanya hivyo. Nimemwomba ruhusa, ameikubali, ila anataka achorwe na kanga ya kisutu.

Halafu Jobo. Aprili 2021, ulikuwa bado shule ya msingi. Tulitangaziwa Kimbunga Jobo kinakuja kutoka upande wa Madagaska, kinaelekea pwani yetu. Wavuvi wakavuta ngalawa juu, watu wakaongeza mawe juu ya mabati, na wengine wakashuka ufukweni na simu mkononi ili wasipitwe. Jobo akaishiwa nguvu baharini, hakufika. Kilichofika ni utani, na utani ule ulikuwa mtamu kweli. Mchore Jobo kama mgeni rasmi: turubai limefungwa, viti vimekodiwa, pilau limeiva, kamati ya mapokezi imepigwa pasi, na yeye yuko mbali baharini, amebaki kiwingu kidogo, anaomba kuelekezwa njia.

Usiishie hapo, mwanangu. Wengi wangeishia hapo, na ukurasa ungekuwa nusu. Mei 2024 kikaja Kimbunga Hidaya. Ilikuwa masika iliyokwisha kutuchosha, Rufiji walikuwa wamezingirwa na maji tangu Aprili. Tangazo lilipotoka niliwasikia watu wazima mlangoni pangu wakisema, "Ah, Jobo huyo." Tarehe 4 Hidaya akafika pwani karibu na Mafia. Boti za Zanzibar zilisimama, mvua ikamwagika Kilwa na Lindi, barabara ya kusini ikakatika Somanga, na mabasi ya Mtwara yakakwama njiani na abiria wake. Rafiki yako wa Lindi muulize, huenda ana ndugu aliyelala ndani ya basi.

Kwa hiyo chora hivi: kamati ile ile ya mapokezi bado imekaa chini ya turubai, inamcheka Jobo mpaka machozi, kidole kinaonyesha baharini. Nyuma yao, kwa mlango wa uani, Hidaya anaingia na masanduku yake, anaanza kula pilau. Hapo ndipo kicheko chako kiwe. Watabiri uwaache. Wao walikuwa wakikifuatilia kimbunga hatua kwa hatua na kusema kinachoonekana, na kimbunga kikidhoofika njiani hilo halikuwafanya waongo. Kinachochekesha ni sisi tuliogeuza bahati kuwa kinga. Nataka mtu aufungue ukurasa wako, acheke, na mwakani akisikia rangi ya chungwa imetajwa aivute ngalawa yake juu. Mchoro unaweza kufanya kazi hiyo. Tangazo la redioni linasikika mara moja likapita, kichekesho kinasimuliwa nyumba hadi nyumba.

Kona ya chini mkono wa kulia ni ya bonde la Jangwani, hutaweza kulikwepa. Mto Msimbazi unashuka kutoka vilima vya Pugu, unapita Vingunguti na Kigogo, unajimwaga baharini karibu na Daraja la Selander. Mvua ikinyesha huko juu, Jangwani inajaa hata kama Kariakoo jua linawaka. Hilo nalo ni la kuchekesha, na wageni wa mji hawalielewi kabisa: mtu amevaa miwani ya jua, maji yamemfika kiunoni. Barabara ya Morogoro imefungwa, mabasi ya mwendokasi yamesimama, na hapo hapo soko jipya limezaliwa. Kuna wanaovusha watu mgongoni na wana bei tofauti kwa mwembamba na mnene. Kuna mkokoteni wenye sofa, na juu ya sofa amekaa bwana harusi, suruali ameikunja, maua ameyainua juu. Kuna mtoto ameshika kambale katikati ya njia ya basi. Na zichore kandambili zikielea, nyingi, zote za mguu wa kushoto.

Mwenzako mmoja atakushauri umchore mto kama mwenye nyumba anayewadai kodi waliojenga bondeni. Nimeshaisikia dhihaka hiyo, hata kwa watu wenye elimu. Usiichore. Waliojenga kingo za Kigogo wengi wao wamefika pale kwa sababu kodi ya kwingine iliwashinda, na mchanga na taka zilizoujaza mto hazikutoka kwao peke yao, zimetoka mji mzima. Desemba 2011 mvua kubwa iliwakuta usiku, wako waliokufa, wako waliopoteza kila kitu, na familia nyingi zikahamishiwa Mabwepande. Mcheke anayevushwa na anayevusha, maana wao wenyewe wanacheka pale pale ndani ya maji. Aliyepoteza mtu hayumo kwenye kicheko hicho, usimwingize kwa nguvu.

Vivyo hivyo Hanang'. Desemba 3, 2023, tope na mawe na miti viliporomoka mlimani vikaufunika mji wa Katesh, wakafa watu zaidi ya 80. Kama bwenini yumo wa Manyara, asilazimishwe kuchekesha. Mwambieni achore atakacho, hata kama ni mlima tu na mashamba ya vitunguu, na ukurasa wake ukae humo humo pamoja na yenu. Na wa Bukoba pia mngeongea naye taratibu: mvua na radi za kwao ni halali kuchekwa, lakini tetemeko la Septemba 2016 lilibomoa nyumba na kuua, na huenda ya kwao ilikuwa mojawapo.

Sasa vifaa. Karatasi ya daftari la kawaida itakunjika ukiilowesha kwa rangi ya maji, kwa hiyo bandika mbili pamoja kwa gundi, zikandamize chini ya vitabu usiku kucha. Michoro ianze na penseli, kisha wino usioyeyuka, na wino ukauke kabisa ndipo rangi ifuate. Maji ya Msimbazi tafadhali usiyapake buluu. Yapake kwa kahawa nyeusi: mkupuo mmoja mwepesi, ukikauka ongeza mwingine pale chini, utapata tope lenyewe. Mvua ya masika ichorwe kwa mistari mirefu ya kulala, kwa sababu inakuja na upepo, na ya vuli kwa vistari vifupi vilivyosimama. Vuli uitie kumbikumbi, la sivyo haitakuwa vuli. Turubai la kamati ya Jobo lisichorwe, libandikwe kwa kitambaa. Ndani ya bahasha nimeweka vipande vya kanga vilivyokatika pembeni, vichache vyekundu, kimoja cha njano, pamoja na kurasa za gazeti zenye maneno "mvua kubwa" na "upepo mkali" uyakate uwape wapita njia wa Jangwani kama maneno ya mdomoni.

Mwenzako wa Dodoma mwambie ana bahati na asilalamike kwamba kwao hakuna kitu. Wana mvua za msimu mmoja tu, Novemba mpaka Aprili, kwa hiyo mwavuli wa Dodoma unakaa kabatini miezi sita na una mengi ya kusema ukitoka. Wa Makete ana barafu ya asubuhi juu ya majani ya viazi, mwezi wa Juni na Julai. Mtu wa pwani akiiona kwa mara ya kwanza anaweza kudhani ni chumvi imemwagika. Hilo mpe yeye, wewe una ya kutosha.

Wadogo zako wanasema shikamoo. Baba anasema usikeshe. Ukurasa ukishakauka upige picha mchana karibu na dirisha, unitumie, na herufi za jina zisomeke vizuri, maana nataka kumwonyesha yule anayetuchorea kanga. Akilipenda, masika ijayo nalivaa.

Mama yako