Malalamiko: hudi na polaraiza mlizoniuzia kama seti hazitumiki pamoja

Habari zenu huduma kwa wateja,

Naandika kwa sababu kwenye simu nimeshazungushwa vya kutosha na WhatsApp majibu yenu ni yale yale, sasa naomba hii imfikie meneja. Nilinunua kwenu seti ya hudi ya lenzi, ile kofia ya kukinga jua inayokaa mbele ya lenzi, na filta ya polaraiza ya milimita 67, kile kioo cha kuondoa mng'aro, kwa ajili ya lenzi yangu ya Canon 18-135, na kwenye tangazo mmeandika wazi kabisa kwamba ni seti kamili ya picha za nje na kwamba vyote vinatumika kwa pamoja. Havitumiki. Kila kimoja peke yake ni kizuri, hapo sina neno, kioo cha filta ni kisafi na hudi inakaa imara haichezi, lakini ukifunga vyote viwili ndo basi tena, hudi inaifunika filta yote na hakuna pa kupitisha kidole uizungushe.

Sasa polaraiza isiyozunguka ni ya nini jamani? Hii siyo filta ya UV, ile ya kukinga kioo cha lenzi, ya kufunga na kusahau. Kazi yake yote ni kuzungushwa, unaangalia kwenye skrini huku unazungusha taratibu mpaka mng'aro juu ya maji unapotea na unaanza kuona mchanga wa chini, ukipitiliza unarudi kidogo. Na ukigeuza kamera tu kutoka picha ya kulala kwenda ya kusimama, filta nayo imegeuka pamoja na kamera, lazima uizungushe tena robo mzunguko la sivyo mng'aro wote unarudi. Mimi napiga picha za maharusi ufukweni huku Kigamboni, kulala na kusimama nabadilisha muda wote, bibi harusi anatembea, shela inapeperuka, ngalawa inapita nyuma yao, hivyo vitu havimsubiri mtu afungue hudi.

Kijana wenu kanijibu eti vua hudi, zungusha filta, halafu rudisha hudi. Nimefanya hivyo. Hudi yenu kwa ndani imebana, ukiirudisha inaikwangua ringi ya filta, ule ukingo wa kuzungushia, na kuisogeza, kwa hiyo pale nilipoiweka siyo pale tena. Nikiingiza kidole kwa mbele kinagusa kioo kabla hakijafika kwenye ringi, na ringi yenyewe ni ile ya slimu, nyembamba, haina pa kushika, kinachobaki ni alama ya mafuta ya kidole kwenye kioo, na ufukweni huwezi kufuta hivi hivi kwa sababu upepo umeshaleta chumvi na mchanga, ukisugua umekwaruza.

Mwingine akaniambia basi piga bila hudi. Kwa jua la pwani kweli? Polaraiza inaifanya anga iwe ya bluu iliyokolea pale jua linapokuwa ubavuni kwako, kama nyuzi 90 kutoka unakoelekeza lenzi, ukiliangalia usoni au ukilipa mgongo anga halibadiliki sana. Na jua likiwa ubavuni ndo hapo hapo linapokipiga kioo cha filta kwa pembeni, kioo ambacho kimekaa mbele kuliko hata kioo cha lenzi yenyewe, picha inapauka, suti nyeusi ya bwana harusi inakuwa kijivu. Yaani wakati polaraiza inafanya kazi vizuri kuliko wakati wowote ndo wakati hudi inahitajika kuliko wakati wowote, huwezi kuniambia nichague moja. Filta tayari inakula mwanga kama stopu 1 mpaka 2, yaani unabaki nusu au robo tu, nakubali kupoteza huo mwanga ili nipate rangi, sasa nipoteze mwanga na rangi pia?

Nikauliza kuhusu ile hudi ya mpira inayofungwa mbele ya filta, ambayo ingezunguka na filta yake bila shida. Mnayo dukani, ila filta mliyoniuzia haina nyuzi za skrubu kwa mbele, hakuna pa kuifungia. Hilo nalo halipo kwenye tangazo.

Na msiniambie haiwezekani. Pentax wana hudi zenye kidirisha kidogo kwa chini, unakitoa, unaingiza kidole na kuzungusha filta hudi ikiwa mahali pake, na hudi ya lenzi ya Canon 100-400 toleo la pili nayo ina kidirisha cha kusukuma. Kitu kinajulikana siku nyingi, na nyie mnauza vifaa vya picha kila siku.

Ninachotaka ni hudi ya lenzi yangu yenye kidirisha, au mnibadilishie filta nichukue yenye nyuzi za mbele pamoja na hudi ya mpira na tofauti ya bei nitaongeza. Kama vyote hamna, nirudishieni hela yangu yote ya seti, na nauli ya kurudisha mzigo iwe juu yenu. Halafu lile tangazo lirekebisheni leo, maana kuna watu wanaanza kazi hii kwa hela ya kuungaunga na wanawaamini.

Risiti na video fupi inayoonyesha hudi inavyosogeza filta nimeambatanisha. Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 7.

Mteja wenu,
mpiga picha, Kigamboni