Wajumbe wa Papa walifikishwa kwa Khan na farasi wa Khan

Mhariri,

Makala yenu ya juzi kuhusu wasafiri wa kale ilisema kwamba Marco Polo ndiye Mzungu wa kwanza kufika kwa Khan Mkuu wa Wamongolia, tena kwa njia aliyoivumbua mwenyewe. Naomba nafasi niyapinge yote mawili, hasa hilo la pili.

Marco Polo alikuwa hajazaliwa mwaka 1245, wakati Giovanni da Pian del Carpine, mtawa Mfransisko aliyekwishapita umri wa miaka 60, alipoondoka Lyon na barua za Papa Innocent wa Nne. Naye pia hakuvumbua njia yoyote. Tangu walinzi wa Wamongolia walipompokea mpakani, alisafiri kwa farasi wao na kwa waongozaji wao, na baada ya kambi ya Batu, mtawala wa Wamongolia wa magharibi, kando ya mto Volga, farasi hao walibadilishwa vituoni mara tano hadi saba kwa siku. Yeye na mwenzake Mpoland, Benedykt, walijifunga miguu kwa vitambaa ili waweze kustahimili tandiko, na Kwaresima nzima chakula chao kilikuwa mawele yaliyochemshwa kwa maji na chumvi, na kinywaji chao theluji iliyoyeyushwa chunguni.

Agosti 1246 alimshuhudia Güyük akitawazwa kuwa Khan Mkuu mbele ya wajumbe ambao, kwa maelezo yake, walikuwa zaidi ya 4,000, kwa hiyo mgeni wa ajabu hakuwa yeye. Jibu aliloandikiwa Papa kwa Kiajemi, ambalo hadi leo limehifadhiwa Vatican, lilimtaka aje mwenyewe kutoa utii.

Mwaka 1254 mtawa mwingine, Willem van Rubroeck, aliikuta Karakorum, mji mkuu wa Wamongolia, ina misikiti miwili na kanisa moja, na sonara wa Paris, Guillaume Boucher, aliyetekwa vitani Hungaria. Sonara huyo alikuwa amemtengenezea Khan wa wakati huo mti wa fedha uliomimina vinywaji, juu yake malaika mwenye tarumbeta, na chini yake akajificha mtu wa kuipuliza!

Sisi wa Mombasa tulipaswa kulitambua kosa hili upesi, kwani Vasco da Gama alisifiwa miaka mingi kwa kufungua njia ya India, ilhali mwaka 1498 aliongozwa huko na rubani aliyempata Malindi. Mtakapoendeleza makala hizo, nawaomba muwape nafasi pia waliotunza vituo vya farasi na waliowaongoza wageni.

Msomaji wenu,
Mji wa Kale, Mombasa