Majina ya hisani kwenye makala za utafiti

Mhariri,

Makala moja kuhusu dagaa wa Ziwa Tanganyika huweza kubeba majina tisa, na si yote ya waandishi; mengine huwekwa kwa hisani tu. Mkuu aliyetia saini fomu ya posho si mwandishi. Masharti ya kuitwa mwandishi ya ICMJE, kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, ni manne kwa pamoja: kuchangia kwa kiasi kikubwa ubunifu wa utafiti au data yake, kuandika au kuhakiki rasimu, kuidhinisha toleo la mwisho, na kuwajibika kwa kazi yote. Likikosekana moja, jina liende kwenye shukrani. Ajabu ni kwamba anayepima samaki mwaloni alfajiri mara nyingi hanyimwi jina waziwazi. Ila hapewi rasimu aihakiki, kisha huambiwa hakutimiza sharti! Majina na mpangilio wake vikubaliwe kwa maandishi kabla ya kukusanya data.

Wasomaji, Kibirizi, Kigoma