Shukrani kwa nesi wa zahanati yetu

Sista, jina lako silitaji kwa kuwa sijakuomba ruhusa, lakini utajijua.

Mama aliruhusiwa kutoka hospitali ya rufaa Ijumaa jioni, baada ya siku 6 wodini kwa presha. Tulipewa mfuko wa dawa na kikaratasi chenye mwandiko wa haraka haraka. Hakuna aliyeuliza nyumbani anatumia nini. Kufika Jumatatu anapepesuka, miguu imevimba hadi kandambili hazimwingii.

Hukutuambia turudi tulikotoka. Ulimwambia mama amwage mezani dawa zote, za zamani na mpya, ukazipanga kama karata. Ukanyanyua vipakiti viwili: amlodipini aliyokuwa akimeza tangu mwaka jana, na nifedipini ya hospitali. Majina mbalimbali, ukoo mmoja. Zote zinashusha presha kwa njia ileile. Ukapiga simu wodini kwa salio lako. Mara tatu haikupokelewa. Ya nne ukampata daktari, ukamsomea kipimo cha presha, mkakubaliana aache ipi. Kisha ukaandika yote kwenye daftari la mama, tarehe na saa, pamoja na namba ya wodi.

Wenye wagonjwa, mkienda rufaa bebeni vipakiti vyote vya dawa, hata vilivyoisha. Mkiruhusiwa, pitieni zahanati hata kesho yake, na karatasi mkononi.

Mama ameanza kuchota maji mwenyewe, ingawa tunamkataza. Alhamisi anakuletea mkungu wa ndizi. Tafadhali usikatae, atanuna.