Nipigie picha za mlango wako

Busia, Jumatano usiku

Dada Zamu mpenzi,

Assalaam alaykum. Natumai u mzima na goti la Hajati limetulia. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi, ila umeme umekatika tangu magharibi na naandika kwa taa ya sola. Najua nimekaa kimya tangu Idi, unisamehe. Barua hii ataileta Kasimu Jumamosi, maana haya nikianza kuyasema kwenye simu salio litaisha kabla sijafika kati.

Tarehe 14 mwezi ujao tunakuja Kampala. Twaha wangu amepata miadi kwa mtaalamu wa usemi, na tutalala kwako siku mbili kama tulivyokubaliana. Sasa sikiliza ninachoomba. Si godoro, wala usihangaike na chakula. Naomba picha za nyumba yako.

Unakumbuka Mbale, kwenye harusi ya kina Swabra? Twaha alijikunja chini ya kiti cha gari hadi watu wakamaliza kula. Mmoja anasema achapwe, mwingine anasema asomewe. Mimi nilikuwa nimemweleza njia nzima: tutafika, tutashuka, kutakuwa na watu wengi. Ila neno la mdomo kwa Twaha likishatoka limekwenda, hawezi kulirudia kulitazama. Picha inamngoja. Lile geti hakuwahi kuliona, wala hakujua baada ya geti kuna nini. Mtoto aliogopa, Zamu, na sisi tukamwita mkaidi.

Tangu Ramadhani nimemwekea kwenye simu programu ya ratiba ya picha. Ikishaingia haili bando. Picha zinapangwa kwa mfuatano wa siku: kuamka, choo, kuoga, chai, shule. Saa ikifika simu inalia, picha inajaa kioo kizima, na sauti yangu inasema, “Twaha, kuoga.” Akimaliza anaibonyeza, inakwenda, inakuja nyingine. Kuna pia duara jekundu linalopungua kidogo kidogo hadi muda uishe, ili aone muda wenyewe badala ya kusikia “bado kidogo” yangu isiyo na mwisho. Duara hilo lilibuniwa na mama wa Marekani, Jan Rogers, kwa ajili ya binti yake mdogo aliyekuwa haachi kuuliza bado muda gani. Nilipolisikia hilo nilimpenda mwanamke yule bila kumjua.

Shida ilikuwa picha zilizokuja na programu. Bafu la kulala ndani, basi la njano, mkate wa vipande. Twaha alizitazama, akairudisha simu mkononi mwangu. Basi tukapiga zetu: jerikeni letu, mswaki wake, chapati ya Mama Swabra, bodaboda ya Kasimu, na beseni la bluu.

Hilo beseni ndilo lililonifundisha. Lilipasuka, nikanunua jekundu sokoni. Jioni simu ikalia. Twaha akatazama kioo, akatazama beseni, akaweka sabuni chini. Nikasema ni beseni tu mwanangu, ingia. Akaenda kulitafuta la bluu: chini ya kitanda, nyuma ya majerikeni, mpaka chooni, yuko uchi na baridi inampiga. Hapo ndipo nilipoelewa. Nilipiga picha ya lile jekundu yeye akiona, nikaiweka mahali pa ile ya zamani, nikamwonyesha. Akaigusa kwa kidole, akaingia majini akakaa.

Na Jumamosi iliyopita, kabla sijafungua mdomo, simu ililia nikamwona anapita uani na sabuni yake mkononi. Peke yake. Ana miaka tisa, Zamu. Nilisimama na mwiko wa posho machozi yananitoka.

Si kwamba kila kitu kimenyooka. Mwalimu mmoja alimnyang'anya simu, akasema ni mchezo, na siku nzima ikaharibika. Tena betri huisha. Kwa hiyo nimechapisha picha zilezile, nikazifunika kwa selotepu pana, nikazitunga kwenye kamba. Kwenye semina ya wazazi tuliambiwa jambo hili ni la kale kuliko simu hizi: huko North Carolina, Eric Schopler na wenzake walianzisha mwaka 1972 mpango wa TEACCH, wa kuwasaidia wenye usonji, na ratiba za picha zimekuwa nguzo yake moja. Kamba yangu basi ina ukoo. Nimemtengenezea na kadi ya “imebadilika”, yenye alama ya kuuliza, kwa siku mpango ukivunjika. Hiyo bado anaichukia.

Narudi kwenye picha. Nataka geti kwa nje, vile mtu analiona akishuka kwenye boda. Mlango. Pale mnapovulia viatu. Choo, hicho usikisahau, na ukivuta maji unirekodie mlio wake, maana unamtisha kuliko radi. Kitanda kikiwa na shuka utakayotandika siku hiyo, na tafadhali usiibadilishe baadaye. Uso wako na ule mtandio utakaovaa. Njia nimemwachia Kasimu: atapiga picha ya daraja la Jinja, na ya Najjembe, kwa sababu taksi ikisimama pale na mikono ya wauza kuku na gonja ikaingia dirishani bila yeye kujulishwa, hatutafika Mukono kwa amani.

Nikizipata wiki mbili kabla, tutazipitia kila usiku. Atakuja kwako kama mtu anayerudi, insha'Allah.

Sasa niambie: mbwa wa jirani bado yupo, na anafungwa mchana? Maji ni ya bomba au nije na beseni letu? Mnatumia jenereta umeme ukikatika? Nani atakayefungua mlango, wewe au Hajati? Nipate na picha yake basi. Adhana ya msikiti wa Kibuli inafika mpaka chumbani? Hiyo haina shida, anaipenda, nataka tu kuiweka kwenye ratiba. Na wewe mwenyewe, ile kazi uliyokuwa unaingoja imefika wapi? Mbona hujaniambia?

Nisalimie wote. Ukipiga picha ya mlango, piga ukiwa umefunguliwa.

Wako,
Rehema